Kipoza maji cha kasha dogo: kuanzia kinachofaa zaidi hadi cha kuacha

Ukitaka kupoza kwa maji prosesa, ubongo wa kompyuta, basi kasha dogo (boksi linalobeba vipande vyote vya kompyuta) halibembelezeki. Kwenye kasha pana ukikosea kwa milimita kumi utasogeza kitu pembeni na kazi iendelee. Kwenye kasha la ujazo wa lita 11, milimita kumi hizo zinatosha kuufanya mfuniko ugome kufunga. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la kipoza hata kimoja, shika rula na utafute karatasi ya vipimo vya kasha lako.

Namba iliyo kwenye boksi ndiyo inayowapoteza wengi. Kipoza kinachoandikwa 240 kina nafasi ya feni mbili za milimita 120, ila rejeta yenyewe (bamba la mapezi ambamo maji hupita yakipozwa na feni) ni ndefu zaidi kwa sababu ya vichwa vyake viwili vinavyopokea na kurudisha maji. Ya kawaida hufika milimita 277 hivi. Unene wake ni 27, feni inakula 25 nyingine, jumla 52. Ongeza na mahali pa mipira ya maji kupinda inapotoka kwenye rejeta, maana mpira ukikunjwa kona kali maji hayapiti vizuri.

Kompyuta ndogo ya kwanza niliyounda, nilisoma 240 kwenye boksi, nikasoma 240 kwenye karatasi ya kasha, nikaridhika. Rejeta iliingia. Mipira ndiyo iliyokosa pa kupita, ikawa inabanana na kebo za pawa saplai, na usiku ule nilifungua kila skrubu ili nigeuze rejeta kichwa chini miguu juu. Tangu hapo nakata kipande cha boksi chenye vipimo vya rejeta na feni zake, nakijaribisha ndani ya kasha, ndipo nalipa.

Pima pia kimo cha juu ya prosesa. Pampu inayozungusha maji inakaa hapo, nayo ina kimo chake. Zile zenye skrini ya kuonyesha joto huwa ndefu kuliko za kawaida. Kwenye makasha ambayo ubao mama na kadi ya grafiki vimekaa mgongo kwa mgongo, skrini hiyo ndiyo inayoweza kugusa ubavu wa kasha.

Je, unahitaji maji kweli?

Nauliza kwa sababu wengi hawahitaji. Prosesa ya Ryzen 5 7600 imepangiwa wati 65, na ikisukumwa mwisho haivuki wati 88. Kipoza cha hewa cha kimo cha milimita 37 kama Noctua NH-L9a kinaimudu, na kasha linaloruhusu mnara (kipoza cha hewa kinachosimama wima) wa milimita 155, kama Cooler Master NR200, linakupa nafasi ya kipoza cha hewa kikubwa ambacho hakina pampu ya kufa wala maji ya kupungua. Kama hali yako ndiyo hiyo, nunua cha hewa na usihangaike na mengine yaliyo hapa chini.

Maji yanajilipa pale mambo mawili yanapokutana: prosesa ina joto jingi, na juu yake hakuna kimo. Hapo kipoza cha hewa hubaki kifupi, kinazungusha hewa ileile iliyokwisha kupashwa na kadi ya grafiki. Maji huliondoa joto katikati ya kasha na kulipeleka ukingoni, ambako feni hulitupa nje.

1. 240 nyembamba

Hii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, na sababu kubwa ni kwamba inaingia. Lian Li A4-H2O, kasha la lita 11, linaruhusu rejeta ya 240 ikiwa jumla na feni zake haizidi milimita 55. Ile hesabu ya 27 na 25 inapita humo na kubakiza milimita tatu. FormD T1 nayo inapokea 240. Corsair H100i na Cooler Master MasterLiquid 240L Core ni mifano ya rejeta za unene huu.

Kwa prosesa ya gemu kama Ryzen 7 7800X3D, 240 inatosha na chenji inabaki. Imeandikwa wati 120, lakini kwenye gemu hutumia chini ya hapo kwa mbali. Kinachotakiwa ni kuizuia isikaribie ukomo wake wa nyuzijoto 89, na 240 nzuri inaifanya kazi hiyo bila feni kupiga kelele.

Prosesa nzito ni habari nyingine. Ryzen 9 7950X ikiachiwa huvuta hadi wati 230, na imeundwa kupanda mpaka nyuzijoto 95 kisha kujirekebisha yenyewe. Core i9-14900K ina ukomo wa wati 253. Ukizitia ndani ya kasha la lita kumi na moja na 240, zitafika ukingoni mwa joto kazi nzito inapoanza. Ushauri wangu ni kushusha wati kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta). Hiyo 7950X ikiwekwa kwenye hali ya kubana umeme (Eco) ya wati 105 hupoteza kasi kidogo sana, na joto linashuka kiasi cha kukufanya ujiulize kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Ukishaamua 240, angalia vitu ambavyo matangazo hayavitaji. Maungio ya mipira pale kwenye pampu yazunguke, usilazimike kuipinda mipira kwa nguvu. Kebo ziwe chache: ubao mama mdogo wa Mini-ITX una milimita 170 kwa 170, na matundu ya kuchomekea feni mara nyingi hayazidi matatu. Kipoza chenye taa nyingi huweza kuja na kiboksi chake cha kudhibiti taa, na kiboksi hicho utakitafutia mahali ndani ya kasha lisilo na mahali.

2. 280

Kama kasha lako linaipokea, ipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Uso wa rejeta ya 240 ni kama sentimita za mraba 288. Wa 280 ni 392. Hiyo ni zaidi kwa karibu asilimia 36. Feni za milimita 140 husukuma hewa ileile kwa mzunguko wa polepole, na kompyuta inayokaa mezani karibu na sikio lako utaishukuru kwa ukimya huo kila siku. NR200 inaipokea ubavuni, Ssupd Meshlicious vilevile. Inachokidai ni upana: milimita 140 zinaweza kugonga pawa saplai, RAM ndefu, au vyuma vya kupozea vilivyo kando ya soketi (mahali prosesa inapokaa). Pima hapo mara mbili.

3. 240 au 280 nene

Arctic Liquid Freezer III ina rejeta ya unene wa milimita 38. Kwa kupoza peke yake ningeiweka juu ya zote zilizotangulia. Inakuja na kifeni kidogo juu ya pampu kinachopulizia vipande vya umeme vilivyo kando ya soketi, jambo ambalo watu hulisahau: ukiondoa kipoza cha hewa, sehemu hiyo ya ubao hubaki bila upepo wowote. Kwenye kasha finyu, kifeni hicho kina maana.

Kikwazo ni hesabu. 38 na 25 ni 63, na makasha mengi madogo yanakataa. Wapo wanaobadilisha feni na kuweka nyembamba za milimita 15, jumla ikashuka hadi 53. Inaingia, ndiyo, ila feni nyembamba zina mgandamizo (nguvu ya kusukuma hewa) mdogo, na rejeta nene ndiyo inayohitaji mgandamizo mkubwa. Unalipia unene usioutumia.

4. 360

Ni rejeta ya karibu milimita 400. Makasha machache yanayojiita madogo huimeza, na yakishaimeza hayana tena udogo wa kusifiwa. Inunue kama unachakata video au picha za 3D siku nzima. Vinginevyo, pita.

5. 120

Hii iache. Uso wake ni nusu ya 240, kwa hiyo feni yake moja hulazimika kukimbia sana, na kipoza cha hewa cha mnara kilicho bora huishinda huku kikidumu zaidi. Najua inavutia kwa sababu inaingia popote na inaonekana ya kisasa. Mazingira pekee ninayoikubali ni kasha lenye tundu moja la feni ya 120, kimo kidogo mno juu ya prosesa, na prosesa ya wati 65.

Namna ya kuikalisha

Hili lina uzito kuliko chapa utakayochagua. Ndani ya kila kipoza maji kuna hewa kidogo, na hewa hupanda. Sehemu ya juu ya rejeta lazima iwe juu kuliko pampu, ili hewa ikusanyike kwenye rejeta ambako haidhuru. Pampu ikiwa ndiyo kilele, hewa inaingia humo, utaisikia ikigugumia, na itakufa mapema. Makasha madogo hugeuzwa kila namna, mengine husimama wima, mengine hulazwa, kwa hiyo liangalie kasha jinsi litakavyokaa mezani, siyo jinsi lilivyochorwa kwenye karatasi.

Rejeta ikiwa juu, feni zitoe hewa nje. Ikiwa ubavuni, kuingiza hewa ya nje kunaipendelea prosesa, lakini joto lake linamwagikia kadi ya grafiki. Kwa kompyuta ya gemu mimi huchagua kutoa nje, kwa sababu kadi ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Feni zisifuate joto la prosesa kila sekunde, maana litapanda na kushuka ukifungua tu kivinjari, na feni zitapanda na kushuka nalo. Kipoza kinachopima joto la maji ni bora hapa, kwa kuwa maji hupata joto polepole. Pampu iache kwenye kasi moja isiyobadilika.

Kuhusu soketi, kwa prosesa za AMD vifungio vingi vya AM4 vinakaa kwenye AM5, na kwa za Intel vya LGA1700 vinakaa kwenye LGA1851. Kipoza kilichotoka kabla ya LGA1700 kuja mwaka 2021 huenda hakina kifungio chake ndani ya boksi, basi uliza kabla ya kulipa.

Usinunue cha mtumba. Maji hupenya polepole kwenye kuta za mipira mwaka hadi mwaka, na kwa macho huwezi kujua yamebaki kiasi gani. Waranti za vipoza vizuri hufika miaka 5 au 6, na hiyo ndiyo picha ya umri wao. Kipya kikigugumia siku ya kwanza, kipe siku chache hewa itulie. Sauti ikiendelea baada ya wiki mbili, na rejeta umeikalisha sawa, kirudishe.