Kadi ya grafiki ya bei ya kati: ipi ununue ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega

Kompyuta nyingi za michezo huku kwetu huanza maisha zikiwa mashine za ofisi: HP EliteDesk au Dell OptiPlex yenye prosesa ya Intel i5, imeletwa ikiwa imetumika. Basi kabla hujauliza bei ya kadi yoyote, fungua kasha usome kibandiko cha pawa saplai. Zile nyembamba, kama OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 za umbo dogo, zina wati 180 tu. Hazina waya wa pini 8 wa kulisha kadi, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Plagi inayoingia kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) nayo si ya kawaida, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haichomeki bila kebo ya kubadilishia. Wengi hununua kadi kwanza, halafu ndipo wanagundua haya.

Namba moja kwetu ni Radeon RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8. Ilitoka 2021, hula wati 132, hutaka plagi moja ya pini 8, na pawa saplai nzuri ya wati 450 inaitosha. Kwenye monita ya 1080p inamudu michezo mingi kwa picha 60 kwa sekunde au zaidi. Tunaipa nafasi hii hasa kwa sababu ya umeme. UPS (betri ya akiba ya umeme) ya 650VA inayouzwa kila mahali kwa kawaida haifiki wati 400. Kompyuta yenye kadi hii pamoja na monita hubaki chini ya uwezo wake hata mchezo ukipamba moto, na stima ikipotea unapata dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Kwa mvua za radi za Kisii na Kakamega, UPS usiifanye kitu cha kununua baadaye.

Namba mbili ni GeForce RTX 3060 ya GB 12, wati 170. Anayehariri video za harusi mchana na kucheza usiku aiweke ya kwanza, maana kumbukumbu hiyo huonekana kazini. Soma boksi vizuri: kuna RTX 3060 ya GB 8 yenye jina lilelile, lakini njia yake ya kumbukumbu ni biti 128 badala ya 192, na kasi inashuka waziwazi. Usilipe bei ya ile kubwa.

RTX 4060 ya 2023 ina kasi kuliko zote mbili na hula wati 115 tu. Tumeiweka ya tatu kwa sababu ya bei. Ukiipata mpya, yenye waranti ya duka unaloweza kulifikia kwa miguu, na mfuko unaruhusu, ichukue.

Kwa kasha jembamba lisilobadilishika, tafuta RTX 3050 ya GB 6 ya kimo kifupi. Hula wati 70 zinazotoka kwenye sloti yenyewe, haihitaji waya. Ile ya GB 8 ni kadi nyingine na inataka waya.

Intel Arc B580 inavutia kwa GB 12 zake, ila bila Resizable BAR (uwezo wa prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) hupoteza kasi nyingi, na i5 za kizazi cha 6 au 7 hazina kitu hicho. RX 6500 XT iache: GB 4, na hutumia njia 4 tu za PCIe (zinazounganisha kadi na mazabodi), kwa hiyo kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 ya zamani hupoteza kasi. RX 580 ya 2017 ni ya kununua tu ikiwa rahisi sana. Hula wati 185, nyingi zimechoshwa kwa kuchimba sarafu za kidijitali, na ile iliyoandikwa 2048SP kwa ndani ni RX 570.

Ukinunua iliyotumika, fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, mbele ya muuzaji. Kadi iliyobadilishwa jina mara nyingi huonyeshwa kwa neno FAKE. Kisha endesha FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito, dakika 15 ukitazama joto kwenye GPU-Z: Hot Spot, yaani sehemu yenye joto kali zaidi, ikizidi joto la jumla la kadi kwa nyuzi 30, huenda ute wa kupitishia joto umekauka, na mchana wa Kisumu utaimaliza. Vidoti au mistari ya rangi kwenye skrini ni dalili ya kumbukumbu mbovu. Hapo usijadili bei, ondoka.

Ikitoka Nairobi kwa basi, omba video ya jaribio hilo kabla ya kutuma pesa. Na kama ni kompyuta nzima, kadi ichomolewe ifungwe peke yake: matuta ya barabarani yanaweza kuifanya ing'oe sloti ya mazabodi.