Kipimo cha ini Kisumu: mashine haina neno, shida ni maelekezo

Mwenye hali ya Gilbert hahitaji dawa. Amerithi upungufu wa kimeng'enya cha UGT1A1, kwa hiyo ini lake husafisha polepole bilirubini, ile rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu za damu zinapovunjika, na macho huwa manjano ya kuja na kuondoka. Ini lenyewe haliharibiki. Anachohitaji ni matokeo ya maabara yanayoeleweka, akae nayo kwenye faili, ili kila daktari mpya asianze upya kutafuta homa ya ini au kumuuliza anakunywa chang'aa kiasi gani.

Kwa hilo, maabara hii ya binafsi katikati ya mji wa Kisumu inafaa. Fomu yake inatenganisha bilirubini yote na ile ambayo ini limekwisha kuishughulikia. Kwa mfano yote ikiwa mikromoli 38 kwa lita, na iliyoshughulikiwa 6, hizo 32 zilizobaki ndizo zinazosubiri kimeng'enya. ALT, AST na ALP, vimeng'enya vinavyoonyesha kama ini limeumia, zikiwa sawa, na damu haipungui, picha ni ya Gilbert. Maabara zinazoandika jumla peke yake zinakula pesa bure.

Lakini hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu, haimo kwenye bei ya kipimo cha ini. Inalipiwa kando na huchukua chupa yake ya kifuniko cha zambarau. Usiiache. Huku kwetu malaria na selimundu zimejaa, na zote mbili hupasua chembe nyekundu na kupandisha bilirubini ileile. Omba pia kipimo cha hesabu ya chembe changa nyekundu: ikiwa juu, kuna damu inayovunjwa mahali, na jina la Gilbert lisitumike kufunika jambo hilo. Mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kasoro kubwa ni ujumbe wa simu unaotumwa jioni: usile wala kunywa mpaka utolewe damu. Kukaa bila kula ni kwa ajili ya vipimo vya sukari na mafuta ya damu, na hata hapo maji huruhusiwa. Kwa mwenye Gilbert, njaa na kukosa maji ni miongoni mwa vitu vinavyopandisha bilirubini, sawa na homa, kukesha au mazoezi makali. Ukifika saa nne asubuhi tumbo tupu, foleni ikakuchelewesha mpaka saa sita, utapewa namba inayotisha kuliko hali yako. Kama ni ini tu linalopimwa, kunywa uji wako na maji ya kutosha. Anayetumia dawa za VVU (ARV) zenye atazanavir aseme mapema, maana nayo huzuia kimeng'enya hichohicho.

Utoaji damu ni mzuri, mkono mwepesi. Hilo si dogo: chembe zikipasuka ndani ya sindano, usomaji huvurugika.

Halafu kuna kile kibao cha kusimamishia chupa za damu. Kimewekwa kwenye ukingo wa dirisha linalopigwa na jua la asubuhi, chupa zimesimama wazi zikisubiri kuzungushwa kwenye mashine. Mwanga huvunja bilirubini. Saa moja ya jua kali inaweza kushusha kipimo hata kwa nusu. Basi njaa inakipandisha, dirisha linakishusha, na mgonjwa anaambiwa amepona. Omba chupa yako ifungwe kwa foili ukiwa bado kitini. Hawakatai, na foili wanayo kwenye droo, ila usipoomba haitoki.

Nyota tatu kati ya tano.