Pikapu ya zamani isiyo na nguvu: tuanze na presha ya mafuta au kompresheni?

Pikapu ya petroli inayounguruma vizuri ikiwa imesimama lakini ikalegea mlimani ipimwe kwanza presha ya mafuta, yaani ya petroli inayosukumwa kwenda kwenye injini, kwa kuwa filta iliyoziba au pampu iliyochoka hujificha mpaka injini ielemewe na mzigo. Kipimo hicho ni chepesi, ila hakielezi lolote kuhusu uchakavu wa ndani.

Kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, kunadai subira: injini ipate moto, plagi zote zitolewe, mafuta na umeme wa plagi vikatwe, kisha pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho huku stata ikizungusha. Silinda ikisoma chini sana kuliko nyingine, itiwe oili kidogo na ipimwe tena: sindano ya geji ikipanda, yaelekea ringi za pistoni zimelika, isipopanda, zishukiwe valvu au gasketi ya silinda hedi. Kwa injini inayotetemeka hata ikiwa haina mzigo, ningeanza na kipimo hiki cha pili.