Mashine ya koni ya kupalilia mpunga: inafaa wapi, inakwama wapi

Wakulima wa kilimo shadidi, yaani upandikizaji wa miche michanga ya mpunga kwa nafasi pana na maji machache, kuanzia Mkindo, Tanzania, hadi Mwea, Kenya, wanaijua mashine hii: mpini mrefu, bati la mbele linaloteleza juu ya tope, na nyuma yake koni mbili za chuma zenye meno. Ukisukuma, koni zinazunguka, zinang'oa magugu machanga na kuyazika topeni. Kwa jaruba lililosawazishwa na kupandikizwa kwa mistari, ni zana nzuri sana. Kwa shamba la kumwaga mbegu, usiinunue.

Inastahili kutazamwa upya kwa sababu ya usugu, yaani magugu kutokufa tena kwa dawa. Dawa za magugu kama bispyribac, bensulfuron na penoxsulam huuzwa kwa majina na lebo tofauti, lakini zote hushambulia kimeng'enya kilekile. Dawa hupangwa kwa namba kulingana na namna zinavyoua, na hizi zote ni kundi la 2. Anayebadilisha chupa kila msimu ndani ya kundi hilo hajabadilisha dawa. Bensulfuron ilianza kutumika kwenye mpunga wa California mwaka 1989, na kufikia mwaka 1993 Cyperus difformis, jamii ya ndago inayopenda maji, ilikuwa imeshathibitika kuwa sugu. Nayo dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana na jamii ya ndago, ikaiachia nyasi uwanja mtupu. Tafuta namba ya kundi kwenye lebo kabla ya kulipa.

Usichanganye usugu na upuliziaji mbovu. Magugu yaliyobaki yakifuata mstari alipopita mwenye bomba, tatizo ni nozeli au mwendo. Lakini ukikuta gugu la aina moja limekufa, na pacha wake aliye kando kidogo anastawi, huku aina nyingine zote zimekauka, hapo shuku usugu. Yang'oe hayo kabla hayajatoa mbegu.

Tukirudi kwenye mashine, kila kitu kinaanzia siku ya kupandikiza. Vuta kamba yenye mafundo kila sentimita 25 na upande kwa mraba, ili uweze kupita pande zote mbili. Palizi ya kwanza ni siku ya 10 hadi 14 baada ya kupandikiza, magugu yakiwa na majani mawili au matatu, kisha kila baada ya siku 10 hivi mpaka majani ya mpunga yafunike nafasi. Acha maji ya sentimita 2 hadi 3. Maji yakizidi, magugu huelea na kushika mizizi upya. Tope likikauka, koni hukataa kuzunguka na unabaki kuburuta chuma. Sukuma mbele, vuta nyuma kidogo, sukuma tena. Ukichelewa mpaka magugu yafike magotini, yatajiviringisha kwenye ekseli na kila hatua chache utasimama kuyakata kwa kisu.

Kazi yenyewe si ndogo, na muuzaji hatakuambia. Kwa nafasi ya sentimita 25, ekari moja ni mwendo wa kilomita 16 kwa upande mmoja. Ukikatisha na upande wa pili ni kilomita 32. Panga vibarua kwa hesabu hiyo.

Koni hazifiki shinani. Kila upande wa mche hubaki sentimita chache ambazo lazima zipitiwe kwa mkono, na hapo ndipo hujificha Echinochloa, ile nyasi inayofanana na mpunga. Palizi ya macho imeilea hivyo kwa vizazi: iliyoonekana tofauti iling'olewa, iliyofanana ikaachwa ikazaa. Mashine haitazami sura. Chochote kilicho katikati ya mistari kinazikwa. Kwa ile iliyobaki shinani, fungua jani pale linapoungana na shina. Mpunga una kiwambo cheupe chembamba kama ulimi, na vijisikio vyenye vinyweleo. Echinochloa haina ulimi wala masikio. Pako wazi kabisa.

Dukani, zungusha koni kwa kidole: zizunguke bila kukwaruza. Koni zielekeane kinyume, ncha nyembamba ya moja upande wa ncha nene ya nyingine. Zikielekea upande mmoja mashine huvutwa pembeni na kuumiza miche. Upana wa kazi usizidi sentimita 15 kwa mistari ya 25. Kagua kulehemu pale mpini unaposhikana na fremu, ndipo panapovunjika kwanza. Mpini uwe na matundu ya kuushusha na kuupandisha. Wapaliliaji wengi ni wanawake, na mpini usiolingana na kiuno huumiza mgongo kabla ya saa nne. Bati la mbele nalo liwe na boliti za kurekebisha, maana kwenye mfinyanzi mzito likiinama mno linazama. Baada ya kazi ioshe, ikaushe, tia mafuta kwenye ekseli.

Mpunga pori, Oryza longistaminata, mashine hii haiuwezi. Una vishina vinavyotambaa chini ya udongo. Koni zikivikata, kila kipande chenye kifundo huchipua. Huo uchimbwe na vishina vyake vyote wakati wa kiangazi, kabla jembe halijaingia shambani, kisha vikaushwe juani au vichomwe nje ya jaruba.