Matundu ya bolti: mraba au duara?
Tuchukue sahani ya chuma yenye matundu manne ya bolti, inayochongwa katika karakana ya Tanga kwa ajili ya korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge. Kuna njia mbili za kuweka mpaka wa tundu kupotoka mahali pake. Katika njia ya kwanza, mchoro huonyesha umbali wa tundu kutoka kingo mbili, kila umbali ukiruhusiwa kupotoka milimita 0.1 kila upande, hivyo kitovu cha tundu hubaki ndani ya mraba wa milimita 0.2, na fundi hupima kwa kalipa yake, kifaa cha kupimia urefu mdogo, bila shida. Kasoro imo kwenye pembe: kitovu kilichosogea 0.1 kulia na 0.1 juu kimepotoka takriban 0.14, nacho hukubaliwa, ilhali kilichosogea 0.13 kulia tu hukataliwa ingawa kipo karibu zaidi. Bolti ya mviringo haijui pembe. Njia ya pili, inayofafanuliwa katika ISO 1101 na ASME Y14.5, viwango vya michoro ya uhandisi, humwekea kitovu mpaka wa duara la kipenyo cha milimita 0.28, lenye eneo linalozidi mraba ule kwa zaidi ya nusu, na hutaja kwa herufi nyuso ambazo upimaji uanzie. Kuikagua kwahitaji hesabu zaidi. Hata hivyo, kwa matundu yanayopokea bolti, ningeichagua hiyo.