Ufunuo 21 au Warumi 8: lipi lisomwe kwa anayeteseka?

Wazee wa kanisa na wanaotembelea wagonjwa hubishania hili mara kwa mara. Yote mawili yanashika tumaini la mbinguni, ila hayafanyi kazi moja.

Kwa wepesi wa kusikika, Ufunuo 21:1-4 unashinda. Ni aya nne tu, zenye picha: mji mpya unashuka, Mungu anafuta machozi, mauti haipo tena. Mgonjwa mwenye maumivu makali hufuata bila kuchoka. Ishieni hapo, au aya ya 7. Aya ya 8 inataja ziwa la moto, na msomaji aliyejisahau akaendelea huacha hofu msibani.

Warumi 8:18-27 ni ndefu na inataka kusomwa polepole, pengine mara mbili. Lakini kwa uvumilivu wa muda mrefu ndiyo yenye nguvu zaidi. Paulo hafichi maumivu: viumbe vyote vinaugua, waamini nao wanaugua, na Roho anawaombea wasiojua waombe nini. Anayeuguza mzazi mwaka wa tatu anahitaji ruhusa hiyo ya kuugua na bado kutumaini. Hatari yake ni kuikata aya ya 18 peke yake. Mateso "si kitu" husikika kama kumkemea anayelia.

Siku ya mazishi, au pumzi zikiwa fupi, chukueni Ufunuo. Ugonjwa usio na mwisho unaoonekana, Warumi. Aliyefiwa jana huenda akahitaji Warumi baada ya matanga, wageni wakishaondoka.