Mafunzo ya magongo ya Jumamosi, Moshi: maoni ya mzazi

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikimpeleka binti yangu wa miaka kumi na miwili kwenye mafunzo ya mpira wa magongo yanayofanyika kila Jumamosi asubuhi katika kiwanja cha shule moja hapa Moshi, na kwa kuwa wazazi kadhaa wa mitaa ya Soweto na Pasua wameniuliza kama yanafaa, nimeona niwajibu kwa maandishi. Ada ni shilingi 4,000 kwa siku, pamoja na kuazimwa gongo. Hilo la kuazimwa lina uzito wake, kwa sababu gongo linalozidi kimo cha mtoto humshinda kulitawala, na mwenye mkono wa kushoto hana gongo lake katika mchezo huu. Wote hutumia upande ule ule ulio bapa. Mwalimu humsimamisha kila msichana, akampimia gongo hadi usawa wa nyonga, ndipo anapomkabidhi.

Mazoezi yenyewe ni mazuri, lakini ninayoisifu zaidi ni nusu saa ya mwisho. Wasichana huketi chini ya mti, na mwalimu huwasimulia, kipande kwa kipande kila wiki, maisha ya Rani Rampal, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya India. Rani alizaliwa tarehe 4 Desemba 1994 katika mji mdogo wa Shahabad Markanda, jimbo la Haryana, kwa baba aliyejipatia riziki kwa mkokoteni na mama aliyefanya kazi katika nyumba za watu. Alijifunza kwa gongo lililovunjika kabla ya kocha Baldev Singh kumpokea. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba chuo cha mazoezi kilitaka kila mchezaji aje na nusu lita ya maziwa, na kwao yalipatikana mililita 200 tu, hivyo akayaongezea maji.

Jumamosi aliyosimulia kisa hicho cha maziwa, mwalimu alikuja na chupa tupu ya nusu lita. Alimimina maziwa, hayakufika hata nusu, kisha akaongeza maji taratibu hadi yakawa meupe ya kufifia, akaipitisha chupa mkono kwa mkono. Hakuna aliyezungumza mpaka ilipomrudia. Jioni ile binti yangu alikunywa kikombe chake chote cha maziwa bila kusukumwa, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa la kawaida.

Katika masimulizi hayo Kombe la Dunia la 2010 lilipitiwa haraka, na nadhani lilistahili muda zaidi: msichana wa miaka 15, mdogo kuliko wenzake wote kikosini, akafunga mabao saba na kutajwa mchezaji bora chipukizi wa mashindano. Kwa upande mwingine, mchezo wa Novemba 2019 mjini Bhubaneswar, India, ulipewa Jumamosi mbili nzima, na hapo mwalimu alinivutia kabisa. India iliifunga Marekani 5-1 katika mchezo wa kwanza wa kuwania tiketi ya Olimpiki; kesho yake, kufikia mapumziko, Marekani ilikuwa mbele 4-0, maana yake jumla ilikuwa sare ya 5-5. Mwalimu akaisimamisha video pale pale, akawauliza wasichana wangefanya nini. Mmoja akasema wote warudi kulinda goli, mwingine, mwenye sauti ndogo, akasema, "Mwalimu, mimi ningemtafuta nahodha." Ndipo akaiachia video, wakamwona Rani katika robo ya mwisho akifunga bao lililoipeleka India Tokyo kwa jumla ya 6-5. Walipiga kelele kama mchezo unachezwa siku hiyo.

Kwenye Olimpiki hiyo ya Tokyo, mwaka 2021, India ilipoteza michezo mitatu ya kwanza, kisha ikashinda miwili, ikaitoa Australia 1-0 katika robo fainali, na mwishowe ikashika nafasi ya nne baada ya kufungwa 4-3 na Uingereza. Mwalimu aliifundisha nafasi hiyo ya nne kwa heshima ile ile aliyoipa bao la Bhubaneswar, nami nakubaliana naye kwa moyo wote, kwa sababu wengi wa wasichana hawa watapoteza mara nyingi kabla ya kushinda. Aliwaeleza pia majeraha yaliyomweka Rani nje ya Kombe la Dunia la 2022, kustaafu kwake Oktoba 2024, na namba 28 ya jezi yake kupumzishwa.

Pungufu moja la masimulizi ni kutotugusa sisi. Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya 1980, ambako wanawake wa India walicheza kwa mara ya mwisho kabla ya kusubiri miaka 36 hadi Olimpiki ya Rio, ndiyo ambayo timu ya wanaume ya Tanzania ilishiriki, ikafungwa 18-0 na India. Wasichana wetu wanahitaji kujua kwamba nchi yao iliwahi kusimama kwenye uwanja huo.

Kasoro nyingine ni za kiwanja na vifaa. Ardhi ina kokoto, mpira huruka ovyo, na wakati wa masika mazoezi huahirishwa asubuhi ile ile kupitia kundi la WhatsApp, mzazi akiwa tayari njiani. Vifaa vya golikipa ni seti moja, tena kubwa kwa watoto. Mwalimu ameahidi kutafuta ya pili, na nilimwona akiwa ameanza kukusanya michango kwa daftari.

Mafunzo huanza saa mbili kamili. Fikeni mapema, kwa maana magongo mafupi ni saba tu, nayo huisha kabla ya saa mbili na robo.